Kununua na kuuza nyumba Dar es Salaam: hatua ninazozifuata

Kazi yangu ni kufuatilia uhamisho wa miliki za nyumba na viwanja hapa Dar es Salaam, kwa niaba ya watu wasio na muda wa kushinda kwenye ofisi za ardhi. Hivi karibuni nimemaliza na muuguzi mmoja aliyenunua nyumba yake ya kwanza upande wa Kibamba, na bado naendelea na mama mmoja wa Temeke anayeuza ya kwake baada ya mumewe kufariki. Maswali yao ni yaleyale ninayoulizwa kila wiki, kwa hiyo nimeyaandika hapa kwa mpangilio wa hatua. Nimemlenga zaidi mnunuzi, maana ndiye anayepoteza kila kitu mambo yakiharibika. Muuzaji nimemwekea yake panapomhusu.

Jambo moja nalisema mapema. Soko la Dar linapanda na kushuka kwa habari: barabara mpya, kituo kipya, fidia, tetesi. Habari hizo ndizo zinazowafanya watu waruke hatua ya nne, yaani upekuzi. Usiiruke hata kama bei inapanda mbele ya macho yako.

Hatua ya 1: Jua unauziwa nini

Kisheria ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Kwa hiyo unachonunua ni haki ya kuikalia ardhi kwa muda maalumu, pamoja na jengo lililopo juu yake. Swali la kwanza kwa muuzaji au dalali ni hili: una karatasi gani?

Kama ana hati miliki, uliza ni ya miaka mingapi (33, 66 au 99) na ilianza lini. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1998 inakaribia mwisho wake, na gharama za kuihuisha zitakuangukia wewe. Kama ana ofa tu (barua ya kupewa kiwanja, inayotangulia hati), uliza kwa nini hakuendelea hadi hati. Kama ana leseni ya makazi, ujue ni ya muda mfupi na inatakiwa kuhuishwa. Kama ana mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa serikali ya mtaa basi, hapo unanunua skwata, yaani makazi yasiyo na hati, na bei lazima iseme hivyo. Pembezoni, kwenye ardhi ya kijiji, utakutana na hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo ina utaratibu wake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999.

Sisemi skwata hainunuliwi. Nusu ya wateja wangu wanaishi humo na wana amani. Ninachokataa ni mtu kulipa bei ya nyumba yenye hati kwa nyumba isiyo nayo, eti kwa sababu "urasimishaji unakuja", yaani mtaa utapimwa na watu wapewe hati. Urasimishaji ukishakuja, na jina la muuzaji likiwa kwenye orodha na kiwanja kikiwa kwenye mchoro ulioidhinishwa, hapo tuzungumze bei nyingine.

Hatua ya 2: Bei

Bei anayokutajia dalali ni matamanio ya muuzaji kujumlisha cha juu, yaani nyongeza anayojiwekea dalali. Bei ya eneo ni ile nyumba ya jirani iliyouzwa kweli. Kuipata, kaa na watu watatu: mwenye duka la mtaani, fundi anayejenga maeneo hayo, na mjumbe. Waulize ni nani amehama karibuni na aliuza kwa ngapi. Watakupa namba tofauti kidogo, lakini zitakuwa chini ya zile zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, tena chini sana.

Kipimo cha pili ni kodi ya pango. Chukua kodi ya mwezi ambayo nyumba kama hiyo inapangishwa, zidisha kwa 12, kisha gawanya bei kwa jibu lako. Nyumba inayopangishwa kwa 400,000 inaingiza 4,800,000 kwa mwaka. Ikiuzwa 150,000,000, itachukua zaidi ya miaka 31 kurudisha fedha hiyo kwa kodi, na hapo hujapaka hata rangi. Ikiuzwa 80,000,000, ni chini kidogo ya miaka 17. Mimi nikiona imevuka miaka 25 nauliza ni nini hasa kinacholipiwa. Mara nyingi ni habari.

Na habari zinabadilisha bei kwa kasi ya ajabu. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016, watu waliokuwa wakitegemea kivuko walianza kuhesabu Kigamboni kama sehemu ya mjini. Lakini huko huko Kigamboni, miaka michache kabla, mpango wa mji mpya uliwaacha wamiliki wengi bila kujua kama wajenge, wauze au wasubiri fidia. Mbezi Luis ilibadilika stendi ya mabasi ya mikoani ilipohamishiwa pale mwaka 2021. Sasa wanaouza upande wa Pugu wanaitaja treni ya SGR kwenye kila tangazo. Kanuni yangu ni kwamba mradi uliokwisha kuanza kufanya kazi ninaulipia, mradi uliotangazwa siulipii hata shilingi. Muuzaji akisema lami inakuja, mjibu kwa adabu kwamba ikija atauza ghali zaidi, leo tununue vumbi kwa bei ya vumbi.

Kuhusu dola: ukitajiwa bei ya nyumba kwa dola, omba bei ya shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinazuia kutaja na kupokea bei za ndani kwa fedha za kigeni, na mkataba ulioandikwa kwa dola utakuletea maswali usiyoyahitaji.

Kwa muuzaji: chagua dalali mmoja, au wawili wanaofahamiana, na muandikishane asilimia yake pamoja na sharti kwamba hakuna cha juu. Nyumba inayotangazwa na madalali wanane kwa bei nane inaonekana ina mkosi. Mnunuzi makini ataikimbia, na atakayebaki ni yule anayejua umeishiwa nguvu.

Hatua ya 3: Iangalie nyumba

Nenda wakati wa masika kama unaweza, kati ya Machi na Mei, mvua ikiwa imenyesha jana yake. Kama huwezi, tafuta alama ya maji ukutani nyuma ya kabati na chini ya madirisha. Rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini tu ya ukuta ina sababu.

Ukinunua pagala, nenda na fundi wako mwenyewe akaangalie msingi, lenta na nondo zilizoachwa wazi zikala kutu.

Hatua ya 4: Upekuzi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asichoke.

*Kwa nyumba yenye hati.* Chukua nakala ya hati, andika namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, kisha peleka maombi ya upekuzi kwa Msajili wa Hati, kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Utapewa namba ya malipo, utalipa ada ndogo, na utapata majibu kwa maandishi: mmiliki aliyesajiliwa ni nani, kuna rehani au hakuna, kuna zuio (pingamizi la kuhamisha miliki) au hakuna. Fanya mwenyewe au mtume wakili wako. Usipokee majibu ya upekuzi yaliyoletwa na muuzaji au dalali wake, hata yakiwa na muhuri mzuri kiasi gani. Na ufanye mara mbili: mara ya kwanza kabla ya kutoa kishika uchumba (malipo ya awali), mara ya pili siku chache kabla ya kulipa salio. Kati ya siku hizo mbili rehani inaweza kuingia, na zuio pia.

Majina lazima yafanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza. "Mohamed" na "Mohammed" ni kiapo cha kurekebisha jina, na ni bora kiapo hicho kipatikane sasa kuliko faili lako liwe limeshafika kwa msajili ndipo lirudishwe.

*Mipaka.* Hati inaeleza kiwanja, haikuonyeshi kilipo. Nimewahi kusimama na mnunuzi kwenye uwanja mzuri wenye uzio wa michongoma, hati iko safi, upekuzi umerudi safi, mpima akaweka kifaa chake, na bikoni (jiwe la mpaka) tukaikuta mita nne ndani ya uzio, chini ya mgomba, imefukiwa na majani makavu. Mita hizo nne zilikuwa za jirani, na choo kilikuwa kimejengwa humo. Tulichimbua kwa panga mpaka namba iliyochongwa kwenye zege ikasomeka, tukailinganisha na ramani ya upimaji, ikawa ndiyo. Bei ilipungua siku ileile, na jirani alishirikishwa kabla ya mkataba.

Kwa hiyo lipa mpima ardhi aliyesajiliwa atafute bikoni zote kwa kifaa chake cha setilaiti cha wapimaji. Simu haifai kwa kazi hii. Ramani ya simu inaweza kukosea mita kadhaa, na kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 mita kadhaa ni chumba kizima. Wako wanaosema kutembea na muuzaji na futi ya mkononi kunatosha. Sikubaliani nao hata kidogo. Muuzaji anakuonyesha anachoamini, na mara nyingi anaamini alichoonyeshwa na aliyemuuzia.

Mwambie mpima huyohuyo akuangalizie mambo mengine matatu. Kwanza hifadhi ya barabara: kwa barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliiongeza kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na zipo sehemu ambako ni kubwa zaidi. Waliobomolewa kati ya Kimara na Kiluvya mwaka 2017 wanaijua habari hii kwa uchungu, na baadhi yao walikuwa na karatasi mikononi. Ukiona alama ya X ukutani uliza rangi yake na ya mwaka gani. Ukiona sehemu ya ukuta imepigwa plasta upya, uliza pia. Pili mita 60 kutoka mto, bwawa au ufukwe, ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazizuia kwa shughuli za kudumu za binadamu. Nyumba nyingi za kando ya Msimbazi na vijito vyake zimo humo. Tatu matumizi ya kiwanja kwenye mchoro wa mipango miji. Kiwanja kinachouzwa kama cha makazi kinaweza kuwa kimepangwa kuwa eneo la wazi au shule, na muuzaji kwa miaka yote hajawahi kuambiwa.

*Ndoa.* Hili ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote, na ndilo watu wanaloliona dogo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa mmoja kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi hati ina jina la nani. Mke anayepeleka zuio kwa msajili wakati wewe umeshalipa ana hoja nzito mahakamani, na wewe utakuwa unadai fedha kwa mtu aliyeshazila.

Kwa hiyo ridhaa ya mwenza iandikwe, isainiwe mbele ya wakili, na ikiwezekana wewe mwenyewe uwepo. Usikubali kuletewa karatasi iliyokwisha kusainiwa. Mkaribishe mama mwenye nyumba mezani, mwulize kwa heshima kama anajua nyumba inauzwa na kwa bei gani. Niliwahi kufika kwenye nyumba moja, baba anatuonyesha vyumba, mama ametukaribisha vizuri sana, ameleta juisi, kisha akauliza tunapanga kuanzia mwezi gani. Alidhani tumekuja kupanga. Tuliinuka hapohapo, na kwa kweli tulimshukuru kwa swali lake.

Muuzaji akisema hajaoa, achukue kiapo. Lakini kiapo peke yake hakinitoshi. Nenda kwa mjumbe na majirani uulize anaishi na nani. Kifungu cha 160 cha sheria hiyo hiyo kina dhana ya ndoa: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, jamii ikiwachukulia kuwa mke na mume, wanadhaniwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo "huyu ni mchumba tu" haikulindi. Akisema wameachana, omba amri ya talaka ya mahakama, kisha uliza mgawanyo wa mali ulifanyika au bado. Wengi wana talaka na hawajagawana, na nyumba unayoitaka ndiyo mali yenyewe. Kama ana wake zaidi ya mmoja, uliza ni nani anaishi kwenye nyumba hii. Mimi huomba saini ya wote, hata wakili akisema mmoja anatosha. Karatasi moja ya ziada haijawahi kumuumiza mnunuzi.

*Mirathi.* Kama mwenye jina kwenye hati ameshafariki, watoto wote wakisaini bado hawawezi kukuuzia. Wala muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa Mahakama ya Mwanzo atakuwa na Fomu Na. IV. Usiishie kuisoma fomu: chukua namba ya shauri, nenda kwenye mahakama hiyo, muulize karani kama shauri lipo, kama uteuzi haujatenguliwa, na kama kuna pingamizi. Kisha msimamizi asajiliwe kwanza kwa Msajili wa Hati kama mwakilishi wa marehemu ndipo ahamishe kwako. Hatua hii ya katikati ndiyo inayowakwamisha watu, maana wanaandika mkataba, wanalipa, kisha faili linarudishwa kwa kuwa jina la marehemu bado liko kwenye daftari.

Mama wa Temeke niliyemtaja yuko hapa. Nimemshauri asitangaze nyumba mpaka usajili huo ukamilike na watoto wake wote waandike ridhaa, hata yule aliyeko Muscat, ambaye atasaini mbele ya ubalozi. Wanunuzi wawili walikuwa tayari na fedha na tumewaomba wasubiri. Mmoja ameondoka. Bado naona ndiyo njia, kwa sababu nyumba yenye karatasi kamili inauzika haraka na bila kulaliwa bei.

*Kwa skwata.* Hakuna daftari la msajili, kwa hiyo daftari ni watu. Omba mkataba halisi ambao muuzaji alinunulia, nakala haifai. Nakala mara nyingi ina maana halisi iko kwa mkopeshaji wa mtaani kama dhamana. Kisha mtafute aliyemuuzia muuzaji wako, na ikiwezekana aliyemuuzia huyo, mpaka mfike kwa mwenye shamba la asili. Wapigie au uwatembelee. Majirani wote wanaopakana na eneo, pande zote nne, wakubali mipaka mbele ya mjumbe na wasaini kwenye mkataba. Uliza serikali ya mtaa kama kuna mgogoro uliowahi kuletwa, na kama upo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kila malipo utakayoombwa ofisini omba risiti ya serikali. Asiyetoa risiti usimpe.

Hatua ya 5: Kishika uchumba na mkataba

Toa kidogo iwezekanavyo, na si zaidi ya asilimia 10, kwa karatasi inayosema fedha inarudi yote upekuzi ukionyesha kasoro. Muuzaji akikwambia kuna mtu mwingine anakuja kesho na fedha taslimu, mwache aje. Nimeiona presha hiyo mara nyingi, na kwa wateja wangu wengi "mtu wa kesho" hakufika.

Mkataba aandike wakili wako, si wa muuzaji, na si fomu iliyonunuliwa dukani. Uwe na bei halisi. Muuzaji anaweza kukuomba muandike bei ndogo ili kodi ipungue. Kataa. Thamani itapitiwa na mthamini na TRA hata hivyo. Mgogoro ukitokea utarudishiwa kilichoandikwa, na siku ukiuza nyumba hiyo wewe, gharama yako ya manunuzi itakuwa ile ndogo, kwa hiyo kodi aliyoikwepa yeye utailipa wewe.

Fedha zipite benki kwenda akaunti yenye jina lilelile la kwenye hati. Kwa kiasi kikubwa mimi hutumia TISS, mfumo wa kuhamisha fedha kati ya benki, inafika siku hiyohiyo na inaacha kumbukumbu isiyopingika. Fedha taslimu kwenye begi sizishiki na sikai kwenye chumba zinapohesabiwa.

Mnunuzi anaogopa kulipa kabla hajasainiwa, muuzaji anaogopa kusaini kabla hajalipwa. Njia ninayoipenda: fomu zote zisainiwe na kubaki kwa wakili pamoja na hati halisi, sehemu kubwa ilipwe siku hiyo, na kiasi kinachotosha kodi na malimbikizo yote kibaki kimezuiliwa mpaka vilipwe. Kama nyumba ina rehani, sehemu ya kwanza ya malipo iende moja kwa moja benki inayodai, na benki iandike kwanza kwamba itaachia hati kwa kiasi hicho.

Hatua ya 6: Kodi na uhamisho

Fomu za Ardhi Na. 29 (taarifa), 30 (maombi ya kibali) na 35 (uhamisho wenyewe) zinajazwa kwa wakili. Zinaambatana na mkataba, hati, picha, vitambulisho, ripoti ya mthamini na risiti za kodi ya pango la ardhi, ile inayolipwa serikalini kila mwaka. Malimbikizo ya pango ni ya muuzaji na yaandikwe hivyo.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji pia: asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Asiye na kumbukumbu za gharama analipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, yoyote iliyo kubwa. Muuzaji, tafuta risiti zako. Ulinunua kwa 85,000,000, ukaongeza 15,000,000 za uzio na kisima zenye risiti, unauza 120,000,000: faida ni 20,000,000 na kodi ni 2,000,000. Bila karatasi ungelipa 3,600,000. Na kama ni nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa angalau miaka mitatu na faida haizidi 15,000,000, uliza TRA kuhusu msamaha kabla hujalipa chochote. Viwango hivi vinaweza kubadilika kila Julai sheria mpya ya fedha ikianza, kwa hiyo thibitisha vya mwaka husika.

Ushuru wa stempu ni kama asilimia 1 ya thamani, na kwa desturi unabebwa na mnunuzi. Ukishalipa, faili linakwenda kwa msajili. Weka nakala ya kila ukurasa uliopeleka, na andika tarehe uliyopeleka na ofisi uliyoiacha.

Hatua ya 7: Kukabidhiwa

Soma mita ya maji pamoja na muuzaji, piga picha, na madeni ya DAWASA yaishe kabla ya funguo. Nunua umeme kidogo kwenye LUKU siku hiyo: kodi ya majengo inakatwa humo, na mita iliyokaa muda bila kununuliwa itakukata ya miezi yote iliyopita. Muuzaji alipe tofauti hiyo palepale. Badilisha vitasa vyote. Kama kuna mpangaji, mikataba yake na kodi aliyokwisha kulipa mbele viandikwe kwenye hati ya makabidhiano, na mpangaji aambiwe kwa barua kuanzia mwezi gani analipa kwako. Kisha upite kwa mjumbe ujiandikishe kama mkazi au mmiliki mpya, na umwachie namba yako ya simu.